Damu ya kupima homa ya matumbo: usikatae kabla ya kusikia



Muuguzi akikuomba damu ipelekwe maabara, usiondoke kabla hajakueleza sababu. Kambini tunasikia mengi: kwamba damu inauzwa, au kwamba inatafutwa njia ya kusema wakimbizi ndio walioleta ugonjwa. Hofu hii ya pili siichekei. Aliyevuka Mpondwe na kupitia Bwera anajua jinsi mgeni anavyolaumiwa upesi. Lakini tazama yaliyotokea Kasese.

Kuanzia mwisho wa 2007 hadi Julai 2009, wilaya hiyo ilihesabu wagonjwa 577 wa homa ya matumbo, yaani taifodi. Kati yao 249 walitoboka utumbo, jambo ambalo kwa kawaida huwapata wagonjwa kama 4 tu katika 100, na halitibiwi kwa vidonge bali kwa kupasuliwa. Watu 47 walifariki. Mwaka 2011 ugonjwa ukaenea Bundibugyo, wilaya jirani. Umetoka wapi? Kwa maneno ya sokoni, kila mtu angemtaja jirani yake.

Wataalamu walichukua vijidudu vilivyooteshwa kutoka kwenye damu na choo cha wagonjwa. Wakakata chembe za urithi za vijidudu hivyo, wakavivuta vipande kwa umeme ndani ya kitu kama uji ulioganda. Vipande vidogo huenda mbali, vikubwa hubaki nyuma, na hapo hutokea mistari. Vijidudu vya ukoo mmoja hutoa mistari inayofanana. Aina tatu za mistari zilipatikana katika wilaya zote mbili, na moja yao ilikwisha kuonekana Kasese mwaka 2009. Ukiweka hayo pamoja na tarehe za wagonjwa, inaelekea ugonjwa ulitoka Kasese ukaenda Bundibugyo. Mistari haionyeshi kabila la mtu wala kadi yake ya mgao.

Lililonitisha zaidi ni dawa. Mwaka 2011 vilipimwa vijidudu vya wagonjwa 18, na vya 15 kati yao vilikuwa sugu kwa dawa kadhaa. Zile za zamani ni ampisilini, kloramfenikoli na Septrini, ambazo dukani unauziwa vidonge vinne vinne, bila kupimwa, kisha homa ikipoa unawaachia watoto vilivyobaki. Hapo kijidudu dhaifu hufa na kile sugu hubaki kuzaana.

Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hakiwezi kukuambia dawa ipi itafaa. Kuotesha kunaweza, ingawa majibu huchukua siku kadhaa. Matibabu hayasubiri: daktari huanza na dawa anayoiona inafaa, hubadilisha majibu yakitoka. Kwa hiyo uliza jina la kipimo, uliza siku ya majibu, na siku hiyo rudi uyadai. Zahanati isipokupa, ni haki yako kulalamika.