Mkunje Angali Mbichi, Ila Usimsahau

Aprili mwaka jana nilinunua mche wa jamii ya mkuyu kando ya barabara kwa shilingi 100, niufanye bonsai, ule mti mdogo ambao Wajapani huulea chunguni miaka na mikaka. Nilipokata tawi, utomvu mweupe ukachuruzika. Nyanya akanikemea ati nautesa mti.

La hasha! Kuukunja si kuutesa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kosa langu lilikuwa jingine: nililifunga shina kwa waya, nikarudi shuleni, nikasahau. Kumbe mti hunenepa! Waya ikalikata gome na kovu lingalipo.

Walimu wetu, tukunjeni, hatukatai. Lakini jamani, mrudi kutuangalia.