Dawa ya mti si lazima ichemshwe

Ukimwambia mtu kwamba mojawapo ya dawa kuu za saratani ya matiti asili yake ni mti, atakuuliza mara moja: "Mti huo unapatikana wapi nikauchemshe?" Simlaumu. Wengi wetu tumelelewa kwa mitishamba. Lakini katika ugonjwa huu, kuipata dawa ndani ya gamba ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wauza miti hawaitaji, ni kuifikisha kwenye uvimbe bila kumuumiza mgonjwa.

Tazama dawa iitwayo paklitakseli. Gamba la mti wa yew, umeao magharibi mwa Marekani, lilikusanywa mwaka wa 1962, na mwaka wa 1971 wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani wakaeleza umbo la kemikali waliyoitoa humo. Huzuia seli za saratani kugawanyika. Taabu ni kwamba haiyeyuki vizuri katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka wa 1992, ilikuwa imeyeyushwa kwa pombe na kiyeyushi kilichotokana na mafuta ya mbarika. Kiyeyushi hicho huweza kuleta mzio mkali: presha kushuka, pumzi kubana. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kwanza dawa za kuzuia mzio, kisha mara nyingi hukaa kwenye dripu saa 3.

Teknolojia ya nano iliondoa mafuta hayo. Dawa iliunganishwa na albumini, protini iliyomo katika damu ya kila mmoja wetu, ikawa chembe za nanomita 130 hivi. (Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita, unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo mamia ya mara.) Aina hii, Abraxane, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2005 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Huingia mwilini kwa dakika 30, na kwa kawaida haihitaji dawa za mzio kwanza.

Lakini tusidanganyane. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huo wa 2005, uvimbe ulinywea kwa asilimia 33 ya waliopewa aina ya nano, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa ile ya kawaida. Ni hatua kubwa, si muujiza. Tena ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata wengi zaidi katika kundi la nano. Anayekwambia kwamba chembe hizi huenda kwenye saratani peke yake na kuacha mwili mwingine salama, anakuuzia kitu.

Kwa maoni yangu, madaktari wetu wanakosea wanapomkemea mgonjwa anayetaja mitishamba. Mgonjwa aliyekemewa hunyamaza, akaendelea kunywa kwa siri, ilhali baadhi ya miti hubadilisha jinsi ini linavyovunja paklitakseli. Afadhali aambiwe kwamba hata dripu ile ilianzia kwenye gamba.

Nawe uliyeambiwa ununue aina ya nano, usianze kuuza shamba kabla ya kumuuliza daktari mambo mawili: je, ile ya kawaida haimfai mgonjwa wako, na kwa nini? Na zikibadilishwa, hakikisha daktari mwenyewe ndiye aliyeamua, kwa maana vipimo vyake havilingani.