STIKA NA IONDOLEWE, BREKI NA ZIPIMWE

Yako mabishano katika Chama chetu juu ya stika za ukaguzi wa magari, nayo yamekuwa makali hata wengine hawaketi tena pamoja wakati wa chai. Upande mmoja wasema stika zifutwe zote, na ukaguzi pamoja nazo, kwa kuwa ni mzigo juu ya mzigo. Upande wa pili wasema zibaki kama zilivyo, maana pasipo stika barabara zitajaa magari mabovu. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimepotea mahali pamoja, napo ni pale zinapodhani kwamba stika na ukaguzi ni kitu kimoja.

Makarani ndio watu wasiopaswa kudanganyika katika jambo hili. Kazi yetu ni mihuri na madaftari tangu asubuhi hata jioni. Twajua tofauti ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na barua iliyosomwa. Twajua ya kuwa stakabadhi yaonyesha fedha imelipwa, wala haionyeshi ya kuwa kazi imefanyika. Mtu akija dirishani na stakabadhi ya kiwanja hatumpi hongera ya kuhamia nyumba mpya. Basi imekuwaje sisi hawa hawa, tukiona kipande cha karatasi kimebandikwa katika kioo cha basi, twaamini kwamba chini ya basi lile breki ni salama?

Katika Tanzania stika ijulikanayo zaidi ni ile ya Nenda kwa Usalama. Asili yake ni njema, na hatupendi kuitukana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza gari bovu kupita barabarani, na askari anao uwezo wa kulikagua. Magari huitwa yakaguliwe, na lililo zima hupewa stika baada ya mwenyewe kulipa. Hayo ndiyo maagizo. Desturi je? Sisi wenyewe tumesimama mahali tusipopenda kupataja, tukaona magari yakisogea katika mstari, fedha ikitoka dirishani na stika ikiingia dirishani. Injini haikuzimwa wala boneti haikufunguliwa. Dereva mmoja aliambiwa awashe taa za kuashiria, akawasha kushoto, akawasha kulia, akapewa yake. Aliyemfuata hakuulizwa hata hizo. Hatusemi kwamba kila askari hufanya hivyo. Tunao ndugu katika kazi ile wanaoingia chini ya lori na tochi, wakatoka na grisi mpaka kwenye kofia. Hao ndio wanaodhulumiwa kuliko wote, maana stika ya yule aliyelala chini ya lori na stika ya yule ambaye hakuinuka kitini ni moja: rangi moja, bei moja, heshima moja.

Na tufikiri kidogo juu ya breki zenyewe, kwa kuwa wengi wanaobishana juu ya stika hawajauliza breki hufa namna gani. Lori lenye shehena likianza kuteremka Kitonga, dereva akaondoa gia ili abane mafuta, uzito wote huishia katika breki peke yake. Ngoma ya breki hushika moto, nayo ngoma ikipata moto hutanuka. Sasa kiatu cha breki sharti kisafiri mwendo mrefu zaidi ili kiifikie. Ikiwa ajasta haikurekebishwa tangu zamani, ule mwendo huisha kabla ya kiatu kushika, hata kama upepo umejaa tele katika matangi. Katika gari dogo dhara ni jingine. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani mwaka hata mwaka, na yakipata joto yale maji huchemka, kanyagio likawa laini na kushuka hadi sakafuni. Tambarare ya Dodoma haitafichua ubovu huu. Gari litasimama vizuri sokoni na mbele ya kituo cha polisi. Mlima ndio utakaoufichua, na siku hiyo garini mna watu.

Hayo hayaonekani kwa jicho la mtu aliyesimama dirishani. Yataka gari liinuliwe, magurudumu yazungushwe juu ya mashine ya kupimia breki, ajasta zipimwe kwa rula, usukani utikiswe kujua kama viungo vyake vimelegea. Yachukua muda, tena yataka mtu aliyefundishwa. Walakini wako madereva, na abiria pia, wanaoitazama stika kana kwamba ni ile damu iliyopakwa juu ya miimo ya milango kule Misri, mauti ikiiona ipite. Kitonga haisomi stika.

Wenzetu wanaotaka ukaguzi wenyewe ufutwe hutuletea habari za Marekani, na habari hizo ni za kweli. Jimbo la New Jersey liliacha mwaka 2010 kukagua ubovu wa mitambo katika magari madogo ya watu binafsi, likabakiza upimaji wa moshi. Texas ilifuata tarehe 1 Januari 2025. Tena wanayo ripoti ya mwaka 2015, iliyotolewa na ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani kazi za serikali, isemayo kwamba ubovu wa gari huhusika katika ajali kama asilimia 2 hadi 7 tu, na kwamba ni vigumu kuonyesha kwa hesabu ya kuwa ukaguzi umepunguza ajali. Ripoti hiyo twaiheshimu. Twaomba tu isomwe mpaka mwisho, maana yasema pia kwamba katika jimbo la Pennsylvania mwaka 2014 magari zaidi ya 529,000, yaani kama gari moja katika kila matano, yalishindwa ukaguzi kisha yakatengenezwa. Ikiwa ni hivyo katika nchi ambako mtu hununua gari jipya dukani, itakuwaje kwetu, ambako magari mengi huja yakiwa yamekwisha tumika Japan, nasi hulitumia moja mpaka limchoshe fundi wa tatu?

Na hiyo Texas itazamwe vema. Ukaguzi wa magari binafsi umefutwa. Ada yake, dola 7.50, haikufutwa. Imepewa jina jipya tu, nayo hulipwa kila mwaka wakati wa kusajili gari. Mwenye gari aliomba apunguziwe mzigo, akapunguziwa breki. Magari ya biashara hayakuachwa, hayo bado hukaguliwa. Jambo hilo wenzetu hawalitaji.

Upande wa pili, wale wanaotetea stika, huja na hoja ya mapato. Husema fedha ya stika ndiyo inayoendesha mafunzo na matangazo ya usalama, na ikiondolewa kazi hiyo itakufa. Hapo tunalo jibu la nyumbani. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika nchi hii, watu wakashangilia; na katika bajeti ile ile ushuru wa mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa lita, pamoja na mafuta ya taa, hata bibi asiye na baiskeli akawa analipa kwa kibatari chake. Juu ya kibatari twaweza kubishana siku nyingine. Lililo dhahiri ni kwamba Serikali ilitaka fedha, ikaipata, wala haikubandika karatasi yo yote kiooni. Mtu asituambie basi ya kuwa pasipo stika hapana njia ya kulipia mafunzo ya usalama. Na kama stika ni kodi, iitwe kodi, ilipwe kwa benki kama kodi nyingine, isivae nguo za fundi.

Kisha hutuuliza: askari atajuaje kwamba gari limekaguliwa, ikiwa kioo ni kitupu? Swali hili ni jema kuliko lile la mapato. Uingereza hukagua magari tangu mwaka 1960; kwanza yalikuwa magari ya miaka 10, baadaye ukashushwa umri hata sasa gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka. Nako huko hakuna stika ya ukaguzi kiooni. Ireland Kaskazini, iliyokuwa na yake, iliacha kuidai mwaka 2015. Kila matokeo huandikwa katika daftari la serikali, na mtu ye yote aliye na namba ya gari aweza kusoma lilikaguliwa lini, lilishindwa kwa sababu gani, na siku hiyo lilikuwa limekwenda maili ngapi. Mnunuzi hulisoma kabla ya kutoa fedha yake, na dalali hawezi kumdanganya kwa rangi mpya. Stika gani yaweza kazi hiyo?

Hatufichi lililo kinyume chetu. Waingereza hao hao walikuwa na karatasi nyingine kiooni, ya kodi ya gari, tangu mwaka 1921, wakaiondoa tarehe 1 Oktoba 2014. Wakati ilipokuwapo, wasiolipa walikuwa asilimia 0.6 ya magari yaliyohesabiwa barabarani mwaka 2013. Mwaka 2015 wakawa asilimia 1.4, na mwaka 2017 asilimia 1.8. Kumbe karatasi ilikuwa na faida yake: ilimkumbusha mwenye gari kila alipoketi nyuma ya usukani. Basi atakayeondoa stika sharti aweke kikumbusho kingine mahali pake. Lakini kila dereva wetu anayo simu mfukoni, nayo hutuletea habari za bahati nasibu tusizoziomba. Haitashindwa kutuletea tarehe ya ukaguzi.

Wala tusiambiwe kwamba daftari la namna hiyo ni mambo ya Ulaya yasiyowezekana kwetu. Leo hii askari wa usalama barabarani wa Tanzania akiingiza namba ya gari katika kimashine chake huona faini zote ambazo hazijalipwa, na mwenye gari mwenyewe aweza kuzitazama akiwa nyumbani kwake. Gari lililoandikiwa faini Tanga litadaiwa Mbeya. Kazi hiyo yafanyika kwa namba tupu, pasipo stika, na yafanyika vizuri mno, kama wajuavyo wanachama wenye magari. Twauliza kwa adabu yote: ikiwa deni la gari laweza kujulikana kwa namba, breki zake zashindwa kwa nini?

Wako wanachama waliotuambia kwamba jambo hili si la Chama, kwa kuwa wengi wetu hatuna magari. Hoja hii imetushangaza kuliko zote. Nani asafiriye katika nchi hii kuliko mtumishi wa serikali? Barua ya uhamisho yafika Ijumaa, na siku si nyingi mtu yumo ndani ya basi kutoka Mtwara kwenda Kigoma, na mke, na watoto, na godoro juu ya paa. Yeye hana gari, ni kweli. Gari ndilo linaye yeye. Mwenye gari dogo aweza kumpelekea fundi wake mwenyewe alitazame. Abiria hana fundi. Hana ila ile stika, nayo haimwambii cho chote juu ya ajasta wala mafuta ya breki.

Tena tumfikirie mwenzetu anayekagua. Yeye naye ni mtumishi kama sisi, ana mshahara na watoto. Basi likianguka, jambo la kwanza watu huuliza ni nani aliyelipitisha. Stika haiwezi kumtetea, maana haikuandika ya kuwa siku fulani, saa fulani, alipima gurudumu la nyuma la kushoto akakuta linashika sawasawa na la kulia. Kama alikuwa mwaminifu, uaminifu wake umekwenda na upepo. Kama alikuwa mvivu, uvivu wake umefichika vivyo hivyo. Daftari lingewatenga hao wawili. Nasi twadhani hiyo ndiyo sababu wengine hawalipendi.

Kwa hiyo twataka katika mkutano mkuu ujao Chama kitoe shauri moja, wala si mawili yanayopingana kama ilivyokuwa mara ya mwisho. Stika za ukaguzi ziache kuuzwa. Magari ya abiria na ya mizigo yakaguliwe kwa mashine, na ya watu binafsi yafuate kadiri mashine zitakavyopatikana mikoani. Si haki mtu wa Sumbawanga aamriwe kwenda kupimwa kwa mashine iliyoko Dar es Salaam. Matokeo yaandikwe kwa namba ya gari, pamoja na jina la mkaguzi na vipimo vya kila gurudumu, na abiria apewe ruhusa ya kuyasoma kabla ya kukata tikiti. Gari likishindwa lipewe siku za kutengenezwa na lirudi kupimwa pasipo ada ya pili, la sivyo watu watakimbia ukaguzi kama wanavyokimbia sasa.

Ili Chama kisiende mbele ya wakubwa na maneno matupu, twawaomba wanachama wenye magari, na wale walio na ndugu madereva, wamwandikie Mwandishi wa Chama kabla ya mwisho wa mwezi, wakijibu maswali haya: stika yako ya mwisho uliipata siku gani, ukaguzi ulichukua dakika ngapi, je, gari liliinuliwa, na breki zilipimwa kwa kitu gani. Namba za magari na majina ya watu na vituo yasiandikwe. Barua zitahesabiwa mbele ya halmashauri, na hesabu yake itachapishwa katika toleo lifuatalo, hata kama itatupinga sisi.