Jamani, siyo kila kompyuta nzito ina virusi!

Najua kimya kimekuwa kirefu, ni testi juu ya testi, mnaelewa wenyewe. Leo nina la moyoni. Kuna ugonjwa nimeukuta Kilosa wakati wa BTP, na nikiangalia vizuri hata hapa chuo tunao. Kompyuta ikianza kuwa nzito, dawa ni moja tu: "Ina virusi hiyo, piga windo upya." Basi! Hakuna anayeuliza swali la pili.

Mimi nasema kwa mashine ya zamani swali la kwanza liwe joto. Na kama ni ile ya zamani inayopozwa kwa maji, basi kabla hujaulizia joto usiguse hata hiyo sidii ya windo.

Najua kuna mtu ameshaguna hapo, kompyuta na maji wapi na wapi? Zipo bwana. Miaka ya 2004 na 2005 prosesa zilikuwa zimefika pabaya kwa joto. Pentium 4 za mwisho mwisho zilikuwa zinakula zaidi ya wati 100, na moto wote huo unatoka kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Kumbuka zile taa za zamani za wati 100, nani aliweza kuishika ikiwa inawaka? Apple wenyewe mwaka 2004 walitoa Power Mac G5 ambayo inatoka kiwandani na maji yake ndani (na baadaye nyingi zilikuja kuvuja, maji yakashukia pawa saplai, kwisha habari). Wacheza gemu wa huko nje nao wakawa wanajifungia mitambo yao wenyewe: pampu, rejeta, mipira miwili, na kibati cha shaba kinachokaa juu ya prosesa. Sasa wamezichoka, nyingine zinatufikia kama mtumba au msaada kutoka Ulaya. Na siyo Ulaya yetu ile ya njia ya Kilosa kwenda Mikumi, hahahaa, naongelea Ulaya yenyewe.

Moja ya hizo ndiyo niliyoikuta shuleni. Ni mashine ya kuunganisha, ya 2005, ndiyo inayochapa mitihani yote na ndiyo ilikuwa inatunza alama za wanafunzi. Shule ilipofunguliwa ikawa nzito hata kufungua Word ni shughuli. Akaitwa kijana mmoja wa mjini, akasema virusi, akafomati diski nzima. Alama za mihula miwili zikaenda na maji. Walimu wakarudi kwenye karatasi, na karatasi nyingine zilishafungiwa maandazi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba baada ya yote hayo mashine iliwaka, ikaenda vizuri kama dakika tano hivi, halafu ikawa nzito vilevile!

Kumbe hizo dakika tano zilikuwa zinasema kila kitu. Pentium 4 ikipata moto kupita kiasi haizimi mara moja, inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Wewe unaona uzito, unalaumu virusi. Ni kama mwanafunzi anasinzia darasani, mwalimu anachukua kiboko, kumbe mtoto hajala tangu jana. Sisi wa ualimu tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili.

Nendeni Mikumi pale barabarani, malori ya Zambia yanapopumzika, mkamsikilize dereva ambaye gari lake limechemsha. Hata siku moja hutamsikia akisema dizeli ina virusi. Atakuuliza limechemsha wapi. Kama limechemsha tambarare, halijafika popote, anajua maji hayazunguki, pampu imekufa au kuna mahali pameziba. Kama lilivumilia vizuri likaja kuchemshia kwenye mlima Kitonga, anajua maji yanazunguka ila rejeta haitoi joto la kutosha. Yaani muda na mahali vinampa nusu ya jibu kabla hajafunua boneti.

Kompyuta ya maji ni hivyo hivyo. Iwashe, bonyeza Delete uingie BIOS, tafuta pale inapoonyesha joto la prosesa, halafu kaa uangalie. Ikipanda mbio ndani ya dakika moja mbili, maji hayazunguki au kibati hakijagusa prosesa vizuri. Ikipanda taratibu, nusu saa nzima, hapo mtuhumiwa ni rejeta na feni yake.

Halafu tumia mkono, mashine ikiwa inawaka. Shika ile mipira miwili. Kibati kikiwa cha moto lakini mipira ya baridi na rejeta ya baridi, maji yamesimama. Weka kidole kwenye pampu, nzima inatetemeka kidogo. Kama haitetemeki, angalia kwanza waya wake wa umeme, usikimbilie kununua. Kama inatetemeka na inatoa sauti ya kukwaruza au kububujika, kuna hewa ndani au maji yamepungua, maana maji hupotea polepole kwenye mipira hata kama hujaona tone. Mipira na rejeta vikiwa vya moto vyote, mzunguko ni mzima, tatizo ni hewa: vumbi limejaa kwenye mapezi ya rejeta. Kwa vumbi la Kilosa miezi ya kiangazi siwaelezi, linakuwa kama blanketi. Sasa ukikuta kila kitu ni baridi, kibati baridi, mipira baridi, lakini BIOS inalia nyuzi 90, ujue joto halitoki kabisa kwenye prosesa kuja kwenye kibati. Skrubu zimelegea au ile pesti ya katikati imekauka. Zima, chomoa waya ukutani, safisha, paka pesti mpya. Na tafadhali msipake dawa ya meno! Nimeshamsikia mtu akiitetea kwa nguvu zote. Inafanya kazi siku chache, ikikauka inakuwa chokaa.

La kwetu lilikuwa lile la kwanza, kibati moto, mipira baridi. Pampu imeganda. Ilikaa likizo nzima bila kuzunguka, na tulipofungua tukakuta uteute wa kijani, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuongeza maji ya bomba. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, yanaotesha ukungu, na kama kibati ni shaba na rejeta ni aluminiamu vinaanza kulana vyenyewe kwa vyenyewe. Anayelazimika kuongeza aende kituo cha mafuta anunue maji ya betri, yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke. Soma chupa vizuri, asidi ya betri ni kitu kingine kabisa!

Sasa hapa ndipo nilipotofautiana na watu wengi, akiwemo mwenzangu niliyekuwa naye BTP. Yeye alitaka tutafute pampu nyingine ili mashine ibaki na heshima yake, maana kweli ni nzuri, ina kadirisha ka kioo na mipira ya bluu. Mimi nilikataa. Maji hayafanyi miujiza, chumba kikiwa na nyuzi 34 maji hayawezi kushuka chini ya hapo, na mwisho wa siku joto linamalizikia kwenye feni ile ile. Faida ilikuwa kwa mcheza gemu anayetaka kuikamua prosesa. Mwalimu wa taaluma anachapa mtihani wa Kiswahili! Kwa nini abebe hatari ya maji kuvuja juu ya diski yenye alama za shule nzima, na fundi wa kuiangalia hayupo?

Stoo ya shule ilikuwa na kompyuta nne zilizokufa, zote za soketi ile ile ya 775. Tulitoa maji yote, tukafungua mmoja wa maiti hao, tukachukua heatsinki na feni yake, pesti mpya, tukafunga. Gharama ilikuwa pesti tu. Joto likatulia kwenye nyuzi 58 mchana wa jua kali, na ule uzito wa virusi ukaisha bila windo wala antivirusi. Nakubali siyo kila mashine inakubali hivi, hiyo G5 niliyotaja mfumo wake wa maji ni sehemu ya mashine yenyewe. Ikivuja shuleni ushauri wangu ni kutoa diski, kunusuru mafaili, na kuiacha ipumzike.

Swali langu kwa wakubwa wa hapa chuo: tunasoma kozi ya TEHAMA muhula mzima, Word, Excel, slaidi za kupendeza, halafu tunapelekwa shule ambayo kompyuta ni tatu na zote zina umri wa kuitwa kaka. Hakuna hata kipindi kimoja cha kufungua kava. Mnategemea nani akazifungue? Yule kijana wa mjini?

Mwisho wa mwezi narudi kule kwa siku mbili, kuna mashine nyingine inazima yenyewe kila saa nne asubuhi na wameniahidi hawatafomati kabla sijafika. Mwenye feni nzima ya sentimita 12 au pesti iliyobaki anitafute bwenini kabla ya Alhamisi.