Waya Upimwe Kabla ya Kompresa Kuhukumiwa

Na Mwanaidi Shekue

Kompresa ya kiyoyozi katika gari la umeme haizungushwi na mkanda wa injini kama ilivyo katika gari la petroli, bali na mota iliyofungwa ndani ya kompresa yenyewe, nayo hutumia umeme wa volteji ya juu unaotoka katika betri kuu. Katika Nissan Leaf za mwanzo, gari lililoingia sokoni Desemba 2010 na ambalo leo huonekana Nairobi likiwa limekwisha kutumika Japani, volteji hiyo hukaribia 360, na nyaya zake huvikwa ganda la rangi ya chungwa ili mtu asizishike ovyo. Hata hivyo, nguvu hiyo yote haisogezi chochote mpaka bodi ya udhibiti ya kompresa, yaani sakiti ya kielektroniki inayopokea amri na kuigawia mota umeme, iamshwe kwa umeme mdogo wa volti 12 kutoka betri ndogo ya gari, kupitia plagi yenye nyaya nyembamba.

Nyaya hizo ndizo zinazosahauliwa. Kiyoyozi kinapoacha kupoza, hukumu ya haraka huwa kwamba kompresa imekufa, na mara nyingi hukumu hiyo hutegemea msimbo wa hitilafu, yaani herufi na tarakimu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi inapogundua kasoro. Msimbo unaosema kwamba mawasiliano na kompresa yamepotea hauthibitishi zaidi ya jambo moja, nalo ni kwamba kompresa iliulizwa na haikujibu. Huenda imeharibika kweli. Lakini huenda pia fyuzi imeungua, ethi, yaani njia inayourudisha umeme kwenye betri, imelegea, waya wa mawasiliano umekatika, au kifaa kingine kilichounganishwa katika waya huo huo kinauvuruga. Kuagiza kompresa mpya kwa ushahidi huo ni kumhukumu mshtakiwa ambaye wito wa mahakama haukumfikia.

Kosa lililo gumu zaidi kuling'amua hutokea pale fundi anapochomoa plagi ya kompresa, akagusisha ncha za mita, akaona volti 12 na kutangaza kwamba umeme unafika. Mita ya kidijitali kwa kawaida ina ukinzani wa ndani, yaani uwezo wa kuzuia mkondo usipite, wa omu milioni 10, hivyo haivuti karibu chochote katika waya inaoupima. Kiungo kilicholiwa na kutu hadi kikawa na ukinzani wa omu 5 kitaonyesha volti 12 kamili katika kipimo hicho, kwa sababu pasipo mkondo hakuna volteji inayopotea. Lakini sakiti hiyo hiyo ikitakiwa kupitisha ampea 1 tu, kiungo kitameza volti 5, kompresa itabakiwa na 7, na bodi yake haitaamka. Ndiyo maana sakiti hupimwa ikiwa kazini. Taa ya breki ya wati 21, inayovuta takriban ampea 1.75, huunganishwa kati ya pini ya umeme na pini ya ethi baada ya michoro ya gari kuthibitisha kwamba sakiti hiyo inauhimili mzigo huo, kisha volteji husomwa taa ikiwa inawaka. Upande wa ethi nao hupimwa wakati huo huo, kati ya pini yake na ncha hasi ya betri ndogo, na volteji inayopotea hapo ikizidi takriban 0.2, ethi isafishwe kabla ya jambo jingine lolote. Katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari hubeba chumvi na unyevu, kipimo hicho hakifai kurukwa.

Taa hiyo kamwe isiunganishwe katika waya wa mawasiliano, ambao una tabia yake. Magari mengine hutumia mfumo wa LIN, wenye waya mmoja ambao ukitulia hukaribia volteji ya betri ndogo. Ukikutwa umeganda kwenye sifuri, kuna mahali unagusa bodi ya gari au haupati umeme. Mengine hutumia CAN, wenye nyaya mbili zilizosokotwa, ambazo gari likizimwa kabisa huonyesha takriban omu 60 kati yake.

Betri ndogo yenyewe pia haiachwi nje ya uchunguzi. Katika gari la petroli betri dhaifu hujulikana mapema kwa sababu stata huzunguka kwa uvivu, ilhali gari la umeme halina stata, na betri hiyo inaweza kuchakaa kimyakimya huku ikizalisha misimbo isiyohusiana, ukiwemo huo wa kompresa.

Hasara ya hukumu ya pupa haiishii kwenye bei ya kifaa. Kubadilisha kompresa ni kufungua mfumo wa gesi, na hapo huingia hatari ya mafuta yasiyofaa: kompresa nyingi za aina hii hutumia mafuta ya POE, yasiyopitisha umeme kwa urahisi, ilhali mafuta ya PAG yaliyozoeleka katika magari ya petroli hudhoofisha kinga ya umeme ndani ya mota, na gari linaweza kukataa kuwaka kwa kuhofia umeme mkubwa unaovuja. Hivyo hitilafu ya ethi, ambayo ingemalizwa kwa msasa na spana, hugeuzwa kuwa hitilafu ya volti 360.

Taasisi za Tanzania na Kenya zinazowapima mafundi kabla ya kuwapa vyeti zingefanya jema kumtaka mtahiniwa wa umeme wa magari atafute ethi mbovu ambayo mita isiyo na mzigo haiioni. Na mwenye gari anayeambiwa anunue kompresa ana haki ya kuonyeshwa kwanza, kwa maandishi, volteji iliyosomwa taa ikiwaka, iliyopotea kwenye ethi, na iliyokutwa katika waya wa mawasiliano.