Wimbo Haujaharibika, Usiufute!

Umewahi kubonyeza wimbo mara mbili kwenye kompyuta ya Linux, programu ya muziki ikafunguka, kisha ikanyamaza tuli? Yalinipata juzi. Faili yenyewe ilikuwa sauti ya marehemu mama akiimba harusini, na binti ya kaka yangu, mwanafunzi wa chuo, alishakata kauli: "Shangazi, hii imeharibika. Niifute?"

Hebu ngoja! Kwanza nilifungua programu yenyewe, nikaitafuta faili kutoka humo ndani. Mama akaimba. Basi ugonjwa haukuwa kwenye faili, ulikuwa njiani.

Programu iliyo kwenye menyu ya Linux huwa na faili ndogo ya maelezo, ambayo jina lake huishia na .desktop. Nyingi hukaa katika /usr/share/applications. Humo utaona mstari unaoanza na Exec=, yaani amri ya kuiamsha programu. Mwishoni mwa amri hiyo panatakiwa alama kama %U au %F, ambayo hupokea jina la faili uliyobonyeza. Isipokuwapo, programu yaweza kuamka mikono mitupu, mfano wa tarishi aliyetumwa bila barua.

Yetu haikuwa nayo. Usiiguse faili ya asili, kwani programu ikisasishwa marekebisho yako yaweza kufutika. Inakili katika ~/.local/share/applications, ongeza %U kwenye nakala hiyo, kisha hifadhi. (Programu nyingine hukubali %F tu.)

Binti alibonyeza tena. Safari hii mama hakungoja.