Nasaba ya Tippu Tip haiishii Maskati

Akitajwa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905, wengi humaliza suala la asili yake kwa neno moja: Mwarabu. Jina lake linawapa nguvu: Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi, bin juu ya bin mpaka Omani. Ila hao wote ni wanaume. Ukiuliza mama yake Juma, babu wa Tippu Tip, alikuwa nani, habari inageuka. Wasifu wa Tippu Tip unaeleza kuwa bibi huyo alizaliwa na Mwarabu wa ukoo wa Nebhani wa Maskati, na mwanamke wa Mbwamaji, kusini mwa Dar es Salaam, upande wa Kigamboni ya leo. Ukoo wa mume umetunzwa vizuri. Mke ameachiwa kijiji tu, jina hana.

Nitaambiwa kwamba kwa sheria na desturi mtoto hufuata nasaba ya baba. Sawa, katika mirathi sina ubishi. Lakini anayechunguza historia hagawi mirathi; anataka kujua mtu alitoka wapi na nani walimfungulia njia. Mfano ni Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, ambaye hakumzaa Hamed. Aliolewa na Muhammed, baba yake Hamed, na ndoa hiyo ikaipa familia mizizi Tabora ambayo hakuna bin wa Maskati angeweza kuwapa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nasaba za upande wa mama hubuniwa kirahisi, na Tippu Tip mwenyewe ndiye ushahidi. Katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, alisikia kwanza kisa cha wanawake wawili wa ukoo wa kitemi wa Utetela, katika Kongo ya leo, waliotekwa zamani, kisha akamwendea mtemi Kasongo Rushie akijiita mjukuu wa mmoja wao. Mzee akaamini, akamkabidhi nchi. Ujanja mtupu, nami siutetei. Hata hivyo, kipimo hicho kitumike pande zote. Utetela, bibi wa kubuni alimpatia utemi. Unguja, jina la el Murjebi lilimpatia heshima mbele ya masultani na matajiri waliomkopesha mali. Kwa nini dai la kwanza lichunguzwe na la pili lipokewe hivi hivi? Hati za wakfu na za makadhi zilizohifadhiwa Zanzibar zina wake, mabinti na masuria. Mtafiti aanzie huko kabla hajapanda ndege kwenda Maskati.